Mwito, Kikapu na Kimya

Mtumishi mwenye macho mengi asiye na utaratibu hana nafuu juu ya kipofu. Kipofu hujua kuwa haoni, kwa hiyo hupapasa njia kwa fimbo na kuweka mguu kwa hadhari. Mwenye macho mengi yaliyochanganyika hudhani kuwa anaona, akaenda mbio mpaka shimoni. Maneno haya, msomaji, sikuyapata kitabuni. Niliyanunua kwa maumivu ya mama yangu, na bei ile hata leo naiona kuwa ghali. Nakusimulia habari yake si kwa kujivuna, kwani haina cha kujivunia, bali kwa sababu yamkini siku moja na wewe utapewa kazi ya kumwandikia mtumishi wa chuma amri zake, na makosa yangu yaweza kukuepusha na yako.

Kwetu ni Nyamira, katika nyanda za juu za Gusii, mashariki ya mji wa Kisii. Nchi yetu ni ya vilima vilivyobebana, na mtu atokaye nyumbani ama hupanda ama huteremka. Mahali pa kutembea sawasawa ni haba. Mvua haitunyimi, na juu ya migomba na mahindi tuna chai. Chai ya wakulima wadogo ilistawishwa nchini Kenya na shirika la Kenya Tea Development Authority, lililoundwa mwaka 1964 na kugeuzwa kuwa kampuni ya wakulima mwaka 2000. Leo viwanda vyake vimeenea Gusii nzima: Kebirigo, Sanganyi na Tombe upande wa Nyamira, Kiamokama, Ogembo na Nyamache upande wa Kisii. Lakini kabla majani hayajafika kiwandani, yapo maungo ya mtu yanayoyabeba. Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi, huyatupa katika kikapu kilicho mgongoni, kisha huyachukua kwa miguu mpaka kituo cha kununulia, ambako karani huyapima na lori huyapakia. Wala hawezi kuyashindilia ili apunguze safari, maana majani yaliyoshindiliwa hupata joto na kuharibika.

Mama yangu amekwisha pita miaka 60. Toka shambani kwake mpaka kituoni ni mwendo wa mita 700, nusu yake mteremko na nusu yake mpando, na mgongo wake umeanza kulalamika. Mimi ni mwalimu, na saa za mapumziko hushughulika na kompyuta. Nilijiambia kuwa mtoto aliyesomeshwa kwa chai anapaswa walau kuibeba. Basi nikaunda gari dogo la magurudumu manne, lenye betri ya volti 12, mota mbili, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi isiyozidi kiganja cha mkono. Nilikusudia limfuate mama njiani likiwa na kikapu, na lisimame kila palipo na kizuizi.

Ili lijue palipo na kizuizi nililipa vihisi vya mwangwi. Kihisi cha namna hii hutoa sauti ya mitetemo 40,000 kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu haliisikii, kisha hungoja mwangwi wake urudi, kama afanyavyo popo gizani. Sauti husafiri katika hewa ya nyuzi 20 za joto kwa kasi ya mita 343 hivi kila sekunde. Ukirudi mwangwi baada ya sehemu 10 za elfu za sekunde, sauti imekwenda na kurudi mita 3 na sentimita 43. Gawanya kwa mbili, nawe umejua kuwa mbele yako, mbali kiasi cha mita 1 na sentimita 71, kuna kitu. Niliweka kihisi kimoja mbele na kingine nyuma. Tena niliongeza kipokezi cha setilaiti, ili gari liandike ni sehemu gani ya shamba iliyotoa majani ya siku ile.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa ndefu na nyofu kama kamba. Ilisema hivi: pima umbali wa mbele, pima umbali wa nyuma, iulize setilaiti tupo wapi, na ikikawia, ingoje mpaka sekunde 3, halafu amua kwenda au kusimama, halafu rudi mwanzo. Nilipolijaribu uani, gari lilikwenda vizuri, nami nikajisifu. Sikujua kuwa uwanja mweupe ulio chini ya mbingu wazi ni shahidi wa uongo.

Asubuhi moja tulitoka. Kikapu kilikuwa na majani ya kilo 30. Mama alitangulia, gari likafuata kwa kasi ya sentimita 80 kwa sekunde, nami nikaja nyuma. Tulipofika kwenye mteremko ulio chini ya mikaratusi, mama alisogea kando kumpisha jirani, kisha akarudi njiani na kuinama aokote majani yaliyoanguka. Alikuwa mbele ya gari kwa mita 2. Nililitazama gari nikingoja lisimame. Halikusimama. Lilimgonga muundi wa mguu, akaangukia mkono wake wa kulia, na kikapu kikamwagika juu yake. Nilikimbia nikaling'oa waya wa betri, lakini kazi ilikuwa imekwisha fanyika. Mguu ulivimba, mkono uliteguka, na kwa majuma mawili mama hakuchuma hata jani moja.

Jioni ile nilimweleza, kwa aibu, kuwa yamkini gari lilikuwa likingoja jibu la setilaiti, na kwamba chini ya miti mikubwa jibu hukawia. Alinitazama kitambo, mkono wake umefungwa kitambaa, akasema, "Yaani mtumishi wako alinivunja mguu kwa kuwa alikuwa akitazama mbinguni?" Mguu haukuvunjika, namshukuru Mungu, lakini sikuwa na jibu.

Siku zilizofuata niliifanyia programu yangu baraza, nikaihoji mstari kwa mstari. Niliona makosa mawili, na kila moja peke yake lilitosha kuleta msiba.

Kosa la kwanza lilikuwa la foleni. Nilikuwa nimempa mtumishi mmoja kazi nyingi na kumwamuru azifanye moja baada ya moja, asiiache hii mpaka imekwisha. Alipokuwa akiingoja setilaiti kwa sekunde 3, macho yake ya mbele yalikuwa mazima, lakini hakuna aliyeyauliza lolote. Na katika sekunde 3 gari la kasi ile huenda mita 2 na sentimita 40. Mama alikuwa mbele kwa mita 2. Hesabu hii ni ya mtoto wa shule ya msingi, nami sikuwa nimeifanya.

Kosa la pili lilikuwa la jina. Katika programu nzima nilikuwa nimeweka mahali pamoja pa kuhifadhia namba, nikapaita "umbali". Kihisi cha mbele kilipopima, kiliandika namba yake pale. Kihisi cha nyuma, nilichokiongeza siku ya mwisho kwa haraka, nacho kiliandika namba yake pale pale, juu ya ile ya kwanza. Kwa hiyo, wakati wa kuamua, gari lilisoma siku zote habari za nyuma, na nyuma njia ilikuwa nyeupe. Lilikwenda mbele kwa ushahidi wa kisogo.

Msomaji, dawa ya kosa la kwanza sikuipata katika kompyuta. Niliipata kituoni kwa chai. Kwa kuwa mama alikuwa mgonjwa, nilichukua majani mimi mwenyewe, nikakaa na wachumaji kulingoja lori. Lori halina saa moja ya kudumu. Mvua ikinyesha na njia ikiteleza, huja alasiri au huja jioni. Je, wachumaji walikuwa wakisimama wote njiani, wakichungulia bonde kila dakika? La. Mmoja alikuwa akipanga majani yake, mwingine akinyonyesha mtoto, mwingine amerudi nyumbani kulisha ng'ombe. Walikuwa wamemweka kijana mmoja juu ya kilima, na kila mmoja amemwambia, "Lori likitokea, niite." Kijana alipopiga ukelele, kila mtu aliacha alilokuwa akilifanya, akaja na kikapu chake.

Hilo, kwa ufupi, ndilo jambo ambalo mafundi wa programu huliita kolibaki, nami nitaliita kazi ya mwito. Badala ya programu kwenda kwa kila kihisi na kumsimamia mpaka ajibu, huacha agizo: "Ukipata habari, iite kazi hii." Kihisi cha mbele kikipata kipimo kipya, kazi ya kupokea kipimo cha mbele huitwa, setilaiti ikijibu, kazi yake nayo huitwa, isipojibu, hakuna anayekaa bure kwa ajili yake. Desturi hii ndiyo msingi wa ROS, mfumo wa programu za roboti uliokuzwa huko California tangu mwaka 2007 na kutolewa bure kwa dunia nzima. Toleo lake la kwanza la ROS 2, kizazi kipya cha mfumo huo, lilitoka Desemba 2017, na huo ndio nilioutumia. Katika mfumo huo programu moja hutangaza habari, nyingine hujiandikisha kuisikiliza, na kila habari ifikapo, kazi ya mwito ya msikilizaji huamshwa.

Lakini kazi ya mwito ina tabia moja inayowatatiza wanafunzi, nayo ilinitatiza mimi. Anayeita hangoji jibu. Kijana wa kilimani akisha piga ukelele hakuulizi umefanya nini na majani yako. Basi habari iliyoletwa na mwito iwekwe wapi, ili mwamuzi aikute baadaye? Ukiitupa uwanjani, mahali pa wote, unarudi katika kosa langu la pili: kila mtu atatupa yake pale pale, na ya mwisho itaifunika ya kwanza. Hapa ndipo panapohitajika kikapu.

Tazama tena wachumaji. Kila mmoja ana kikapu chake, na hakuna anayetia mkono katika cha mwenziwe. Vikapu vyote vimesukwa kwa namna moja, lakini majani yaliyomo si mamoja. Mafundi wa programu huita namna ya kusuka klasi, na kila kikapu kilichosukwa kwa namna hiyo huwa kitu chenye maisha yake. Mimi nilisuka klasi moja nikaiita Mlinzi. Klasi hiyo ilieleza mambo mawili: mlinzi anakumbuka nini, na mlinzi anaweza kufanya nini. Anakumbuka vipimo vyake 5 vya mwisho, na mpaka wa hatari ambao hapo nauweka mita 1. Anaweza kupokea kipimo anapoitwa, na anaweza kujibu swali, "Je, njia ni wazi?" Kisha kutoka katika klasi hiyo nilizaa walinzi wawili, wa mbele na wa nyuma. Sikuandika kazi ya kupokea mara mbili. Niliiandika mara moja, na kila mlinzi akaitumia kwa kikapu chake.

Wazo hili si la jana. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wataalamu wawili wa Norwei waliofanya kazi katika kituo cha kompyuta mjini Oslo, ndio walioliweka katika lugha yao ya Simula katika miaka ya 1960, walipotaka kuigiza kwa kompyuta mambo yendayo pamoja katika dunia, kama foleni za watu na safari za vyombo. Walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001. Mtu aliyeketi kituoni Nyamira akilingoja lori hatashangaa kuwa klasi ilizaliwa na watu waliokuwa wakizifikiri foleni.

Utauliza, mlinzi anajuaje kuwa jina "umbali" ni lake na si la mwenziwe? Nitakujibu kwa mfano wa nyumbani. Katika lugha yetu ya Ekegusii mama huitwa "baba", na baba huitwa "tata". Mgeni atokaye pwani akisikia mtoto wa Kigusii akilia "baba, baba", hutazama mlangoni kumtafuta mwanamume, na kumbe mtoto anamtaka mama yake. Neno ni moja. Nyumba ndizo mbili. Hakuna aibu wala hatari neno moja likikaa katika nyumba mbili, maadamu kila asemaye anajua yumo katika nyumba gani. Katika lugha ya Python, ambayo niliandikia, kila kazi iliyo ndani ya klasi hupewa kwanza neno moja lenye maana ya "nafsi yangu". Mlinzi hasemi "umbali" peke yake. Husema "umbali wa nafsi yangu". Na unapomwachia agizo mwenye habari, humwachii jina la kazi tupu, unamwachia kazi pamoja na nafsi yake: "Mwite mlinzi wa mbele, apokee yeye." Hapo mwito huja na anwani, na habari huanguka katika kikapu chake.

Kikapu kilinipa faida nyingine nisiyoitarajia. Vihisi vya mwangwi huropoka. Jani likipepea mbele yake, hutaja namba ya ajabu mara moja kisha hurudi katika kweli. Siku moja mlinzi wa mbele alipokea sentimita 120, 118, 4, 119 na 117. Ukichukua wastani unapata 95.6, nayo iko chini ya mpaka wa mita 1. Gari litasimama kwa hofu ya jani. Lakini ukizipanga kwa ukubwa na kuchukua ya katikati, unapata 118, na mropokaji amenyamazishwa. Kazi hii isingewezekana kama mlinzi hangekuwa na kumbukumbu yake mwenyewe. Asiyekumbuka jana hawezi kuyapima maneno ya leo.

Usidhani, hata hivyo, kuwa mwito huponya kila ugonjwa. Nilijifunza upesi kuwa anayeitwa hana budi kuitikia kwa haraka na kuondoka. Katika mfumo niliotumia, kwa desturi yake ya kawaida, kazi za mwito hufanywa moja kwa wakati mmoja. Mmoja akikawia, waliobaki husimama mlangoni. Ni kama karani wa mizani aachaye kupima akaanza hadithi ndefu na mchumaji wa kwanza. Foleni yote humngoja, na majani hunyauka. Mimi nilikuwa nimeweka ndani ya kazi ya mwito amri ya kuandika habari ndefu katika kadi ya kumbukumbu, na kwa ajili yake vipimo vya mbele vilichelewa. Nikaitoa. Tangu hapo kazi ya mwito hufanya jambo moja tu: hupokea, hutia kikapuni, hurudi. Kuamua ni kazi ya mwingine, mwamuzi ambaye saa humwita mara 10 kwa sekunde, naye hupita kwa walinzi wote akiuliza swali lile lile, "Njia ni wazi?" Na kipokezi cha setilaiti nikakitenga katika programu yake peke yake, kikae huko kitazame mbingu kadiri kipendavyo, bila kushika mguu wa mtu.

Nilipomaliza haya nilimwendea mama nikiwa na furaha. Nilimweleza habari za kijana wa kilimani, na za vikapu, naye alizielewa upesi kuliko mimi, maana yeye amezeeka nazo. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyeniuliza.

"Na kijana akilala?"

Akanikumbusha mwaka mmoja nilipokuwa mdogo. Kijana aliyewekwa kilimani alikuwa amekesha msibani. Alikaa chini ya mti, usingizi ukamchukua. Lori lilikuja, likapakia ya waliokuwepo, likaondoka. Wachumaji waliokuwa nyumbani hawakusikia ukelele, na kwa kuwa hawakusikia ukelele walidhani kuwa lori halijaja. Majani ya mchana kutwa yalinyauka. Toka siku ile waliweka sharti: ikifika saa kumi nawe hujasikia kitu, usikae, nenda ukaone mwenyewe.

Nilirudi kwa gari langu, nikaliweka uani juu ya matofali ili magurudumu yazunguke hewani, nikauchomoa waya wa kihisi cha mbele. Magurudumu yaliendelea kuzunguka. Namba ya mwisho aliyoipokea mlinzi ilikuwa sentimita 240, na kwa kuwa hakuna aliyemwita tena, aliendelea kuishika kama kweli ya milele. Ningaliweka ukuta mbele yake, angalisema, "Njia ni wazi." Nakwambia kweli, msomaji, mwili ulinisisimka. Nilikuwa nimeondoa upofu mmoja na kuweka mwingine, tena wa pili ulikuwa mbaya zaidi, kwa maana ulivaa nguo za utaratibu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mimi nilikuwa nimekifasiri kimya kuwa amani.

Basi niliongeza kumbukumbu moja katika klasi ya Mlinzi: saa ya mwito wa mwisho. Kihisi hupima mara 10 kwa sekunde, kwa hiyo mwito mmoja na mwingine hutengwa na sehemu 100 za elfu za sekunde. Mlinzi akiulizwa kama njia ni wazi, kabla hajataja umbali hutazama kwanza saa yake. Zikipita sehemu 300 za elfu bila mwito, hajibu kwa habari ya zamani, hujibu, "Sijui." Na mwamuzi amefundishwa kuwa "sijui" ni sawa na "simama". Katika muda huo gari huenda sentimita 24 tu. Na kwa kuwa niliandika jambo hili katika klasi, walinzi wote wawili walilipata siku ile ile.

Niliongeza pia mlinzi wa namna nyingine, kwa sababu niligundua kuwa sweta nzito ya sufi, ambayo kila mama wa Nyamira huivaa asubuhi ya baridi, huinywa sauti na kurudisha mwangwi mdogo sana. Nilifunga ubao mwepesi mbele ya gari wenye swichi. Ukiguswa, mota hukatwa. Huyu hasikii mwangwi, anagusa tu. Lakini nilimsukia klasi inayojibu swali lile lile, na mwamuzi hakuhitaji kubadilishwa. Mwamuzi hamwulizi mlinzi kama anatumia sikio au kidole. Humwuliza njia tu.

Mkono wa mama ulipopona tulitoka tena. Nilitaka nitangulie mimi, ili likikosea linigonge mimi. Alikataa. Alisema kuwa gari limetengenezwa kumfuata yeye, na kuwa mtumishi hujaribiwa na bwana wake. Chini ya mikaratusi ile ile alisimama, akageuka, akaliangalia likija. Moyo wangu ulikuwa kooni. Lilisimama sentimita 90 na kitu mbele yake. Alilizunguka, akauvuta kwa makusudi waya wa kihisi cha mbele kama nilivyomwonyesha, akaliamuru liende. Halikwenda. Akacheka, akaurudisha waya, akasema, "Sasa ana adabu. Akiwa hajui, hukaa."

Gari lile halikumaliza taabu za mama. Mvua kubwa ikinyesha njia huwa utelezi, nalo hukwama. Siku hizo kikapu hurudi mgongoni, wake au wangu. Lakini siku za jua hulibeba alilolibeba yeye kwa miaka mingi, naye hutembea mbele mikono mitupu.

Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mafunzo ya kuandika programu kwa shule za msingi na za sekondari, na kwa hiyo huenda wewe unayesoma hapa umekwisha anza kazi hii, au utaianza kesho. Utaambiwa kuwa klasi hupunguza maandishi na kuwa kolibaki huokoa wakati. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Programu iliyochanganyika ikiwa ndani ya kompyuta ya mezani humwudhi mwandishi wake peke yake. Ikiwekwa ndani ya kitu chenye magurudumu humgonga mtu asiyeijua, aliyeinama njiani kuokota majani. Utaratibu, basi, ni heshima kwa mpita njia kabla haujawa pambo la fundi. Kila mlinzi umpe kikapu chake, ili maneno ya mmoja yasifunike ya mwenziwe. Kila mwenye habari umpe ruhusa ya kuita, ili asiye na habari asimzuie. Kila aitwaye umfundishe kupokea na kuondoka.

Na ukisha fanya yote hayo, ukaketi kuifurahia kazi yako, jiulize swali la mama yangu kuhusu kijana wa kilimani. Ukiwa na jibu lake, liache gari litoke uani. Ukiwa huna, liache juu ya matofali.